Pai ya Kukwepa Jukwaa

Jumatatu, 4 Machi

Wiki imeanza leo asubuhi na mimi nimeshachoka nayo.

Mwalimu wa darasa amesoma insha yangu mbele ya wenzangu. Nzima. Aliisoma kwa lugha ya nyumbani, akameza mate, akaisoma tena kwa lugha ya shule. Tuliambiwa tuandike kwa lugha zote mbili, na mimi kwa ujinga wangu nikaandika kwa bidii zote mbili. Nilidhani insha ni siri ya mtu na kalamu nyekundu. Kumbe. Amesema Jumamosi, siku ya wazazi, nitapanda jukwaani niisome mwenyewe. Kwa kipaza sauti.

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe dogo tu, nalijua kwa lugha zote mbili. Nikasema ndiyo, mwalimu. Halafu nikasema asante. Sijui mtu mwingine anayeishukuru kamba ya kumnyongea.

Watu hudhani anayejua lugha mbili ana mengi ya kusema. Mimi najua kunyamaza kwa lugha mbili, basi.

Palibaki mwanya mmoja. Wanafunzi wanaopika watasimama nyuma ya meza za chakula, na mwalimu amesema mtu hawezi kuwa mezani na jukwaani kwa wakati mmoja. Nikanyoosha mkono. Mwenyewe nilishangaa kuuona kule juu. Vyakula vyote vilikuwa vimeshachukuliwa isipokuwa pai. Tena si pai hivi hivi: iwe ya matunda ya msimu na ya unga bora, kwa kuwa mgeni wa meza ni mwoka mikate wa mtaani kwetu, mtu asiyedanganyika kwenye mambo ya unga. Nikasema pai. Sauti ilitoka kama ya panya aliyekanyagwa.

Mkono mwingine ulikuwa juu muda mrefu. Wa binamu yangu, binti wa mama mkubwa. Shule nzima inamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Redio anaoka tangu hajaota meno ya pili, na anamtaka sana huyo mwoka mikate aonje mkono wake. Akanigeukia, akauliza darasa zima likisikia, kama mimi si ndiye niliyechemsha yai likaungua. Ni mimi. Maji yalikauka. Nilikuwa nasoma.

Mwalimu akakata shauri. Ijumaa kila mmoja alete pai yake, mwoka mikate ataonja. Atakayeshinda anakaa mezani. Atakayeshindwa anasoma insha yangu.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mama. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na huongea na pini mdomoni. Akasema kupitia pini: si umwambie mwalimu hutaki, yaishe. Mama hanielewi. Kumwambia mwalimu! Afadhali nijifunze kuoka.

Jumanne, 5 Machi

Tuna oveni. Sikuwahi kuifikiria kama oveni. Kwetu ni kabati. Leo nimetoa ndani yake sufuria tatu, mabaki ya vitambaa, pasi mbovu, na kiatu kimoja cha marehemu babu ambacho bibi hataki kitupwe wala kiulizwe. Bibi alisimama mlangoni akiangalia vitu vyake vinahamishwa kama mtu anayefukuzwa na mwenye nyumba. Akauliza kama huo moto wa humo ndani tumewahi kuuona. Mama akasema mara moja, alipoolewa.

Namba za kwenye swichi ya oveni zimefutika. Mama anasema kuna hali mbili tu: imezimwa na haijazimwa.

Kisha sokoni. Msimu huu ni wa mapera. Mapera yako kila mahali, yanaoza barabarani, watu wanagawiana kwa ndoo. Nikajiambia leo nitachagua mwenyewe, magumu kidogo, yenye rangi ya njano, kama nilivyosoma. Nilizunguka genge la mama wa matunda mpaka akaniuliza kama nimetumwa na askari wa jiji. Nikasimama. Akanijazia mfuko kabla sijafungua mdomo. Yalikuwa laini mno, mengine yanachuruzika. Nikajaribu kusema. Akaniita mwanangu mzuri, akasema hayo ndiyo matamu, tena akaniongezea. Nikasema asante. Akanionyesha na vitunguu maji. Nikanunua na vitunguu maji.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimekuta vitunguu.

Bibi amefurahia vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Leo ilikuwa zamu ya unga. Nilikuwa na akiba yangu ya sikukuu, imeniuma kuitoa, lakini jukwaa litauma zaidi.

Unga bora unauzwa dukani kwa mwoka mikate mwenyewe, yule yule atakayetuonja. Sikutaka anijue. Mpango: niingie duka likiwa tupu, nielekeze kidole, nilipe, nitoke. Duka la mikate haliwi tupu. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka fundi viatu wa pale akanisogezea kigoda kwa huruma.

Mwishowe nikaingia. Mwoka mikate ni mtu mnene, mpole, nyusi zake zimejaa unga. Aliniuliza unga wa nini, maana ule ni wa daraja la kwanza na watoto hununua mkate. Ningesema wa pai. Nikasema wa bibi. Akauliza bibi anaoka? Nikasema hapana, ni mgonjwa. Sijui ilitoka wapi. Akaweka mkono kifuani. Akauliza anaumwa nini. Nikasema tumbo, anakorogewa uji. Akanipunguzia bei, akaniambia nimpe pole nyingi, na kama hali ikizidi nisiache kumwambia.

Nimerudi na unga mzuri kuliko wote niliowahi kushika. Mweupe, mlaini, unatiririka kwenye vidole. Nimeuweka juu ya meza ya jikoni, nimeusimamisha uonekane.

Bibi mwenyewe nimemkuta anapasua kuni. Sikumpa pole.

Alhamisi, 7 Machi

Hii nyumba itanimaliza.

Kuna desturi kwetu ambayo nimeizoea kiasi kwamba niliisahau. Bibi haachi kitu kizuri peke yake. Akiletewa majani ya chai mazuri, anayachanganya na yale ya vumbi. Mchele mzuri unaingia kwenye gunia la chenga. Sabuni ya kunukia anaikwangua, anaiyeyusha pamoja na ya kufulia. Anasema kizuri kikiachwa peke yake kinaisha, kikipewa mwenzake kinakaa. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuonja kitu kizuri, lakini hakijawahi kutuishia.

Nimerudi shule nikakuta mfuko wa unga wangu umekunjwa vizuri mara nne, uko dirishani. Mtupu.

Unga ulikuwa ndani ya pipa. Na ule wa pipa: ngano ya kusaga na maganda yake, rangi ya udongo, ule bibi anaoununua mashineni. Umechanganywa kwa mkono, kwa upendo. Bibi akaniambia ameona nimeleta unga, Mungu anibariki, sasa utatufikisha mbali. Nikasema asante, bibi.

Nilichukua chekecheke nikaanza kutenganisha. Nilichekecha mpaka mikono ikafa ganzi. Nilichopata kilikuwa kama ngumi mbili za unga wa rangi ya mbu. Nikaurudisha wote pipani. Haikuwa na faida. Pai yangu ingekuwa ya kahawia, tutake tusitake.

Upande wa mapera nako ni hivyo hivyo. Nilichemsha na sukari, limau na mdalasini, jikoni pakanukia mpaka nikaanza kujiamini. Hilo lilikuwa kosa. Mama alionja kijiko kimoja akatafuna, akatafuna, akasimamisha cherehani, akauliza kama nimepika mapera au kokoto. Mbegu. Hakuna maandishi niliyosoma yaliyotaja mbegu. Chekecheke lilikuwa limejaa pumba, chujio la chai dogo. Nikaona kitambaa chepesi kimelala juu ya kiti, nikakishika pembe nne, nikakamua.

Kilikuwa bitana ya gauni la bibi harusi.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama rangi ya mapera hutoka. Haitoki. Sasa bibi harusi atakuwa na bitana ya waridi, na mama atamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Lakini rojo lilikuwa laini kabisa, halina hata mbegu.

Donge la unga lilikuwa gumu kukanda, lilinivunjikia kila nilipolisukuma. Nikalibandika kwenye trei vipande vipande, kama mama anavyotia viraka. Nikamimina rojo, nikafunika kwa viraka vingine, nikaiweka ndani ya lile kabati letu. Hali: haijazimwa. Ilitoka na sura ya ukuta wa udongo baada ya mvua. Pembeni imevuja, katikati imebonyea.

Bibi aliizunguka, akaiangalia, akasema la muhimu ni uzima.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya nikiwa nimelala chali. Sina nguvu ya kukaa.

Tuliambiwa tuziache pai kwenye jiko la shule, zimefunikwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe chini ya trei. Mwoka mikate angeonja bila kujua ni ya nani. Trei zenyewe zinafanana, kwa sababu bibi alizinunua pamoja, moja akampa mama, nyingine mama mkubwa.

Niliingia nikakuta jiko tupu. Redio alikuwa nje, namsikia akimwelekeza mpishi wa shule jinsi ya kupika. Nikainua kitambaa cha pai yake. Sikupaswa kuinua. Juu imesukwa kama nywele za mtoto wa kwanza, inang'aa kwa yai, haina ufa. Nikainua cha pai yangu. Nikakirudisha haraka, kama unavyomfunika mtu.

Sasa nakiri, kwa vile hapa hakuna anayesoma. Nilibadilisha vikaratasi. Changu nikakiweka chini ya yake, chake chini ya yangu. Hata dakika haikupita. Mikono haikutetemeka. Kuzungumza na watu ndiko hunitetemesha, wizi kumbe sina shida nao.

Mwoka mikate akaja. Akaanza na ile nzuri. Akaikata, akaiinua, na chini yake ukaona unga umelowa, unaning'inia kama soksi. Akala kidogo, akasema ana mikono mizuri huyu, lakini juisi imemshinda. Halafu akakata ile ya kahawia. Kipande kilisimama chenyewe kwenye sahani. Akala. Akakata kingine, mwalimu akamkumbusha ni kuonja tu. Akasema maisha yake yote anakula unga mweupe na sukari, amechoka, lakini huu una maganda, umeinywa juisi yote ukabaki mkavu, na rojo halina mbegu hata moja. Mwenye pai hii, akasema, ana akili.

Mwenye akili alikuwa amesimama karibu na sinki, anatamani sinki limmeze.

Mwalimu akainua trei. Akasoma jina la Redio.

Nilimwangalia Redio. Nilijua sasa atasema, huyu hanyamazi hata usingizini. Aliitazama pai ya kahawia, akanitazama mimi, akaitazama pai tena. Akafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Kisha akaja akanishika bega, akaniminya, macho yamemlegea, akatoka.

Siku nzima nimejaribu kuuelewa mkono ule begani. Pai yangu imeshinda, mimi nimeshindwa. Kesho nasoma.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesoma.

Usiku wa kuamkia leo nilijipangia homa. Asubuhi mama akanishika paji la uso, akanipa shati lililopigwa pasi. Ndivyo homa yangu ilivyotibiwa.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa pili. Bibi alisema nyuma ndiko kuna upepo. Nikapanda. Karatasi ilikuwa inatikisika, nikaishika kwa mikono miwili, ikatikisika mara mbili. Nikaanza. Nilisoma ukurasa wote wa kwanza, nikajiona nimevuka, ndipo nikasikia sauti ya bibi kutoka nyuma kabisa ikisema mjukuu wangu, tumekuja kukusikia, siyo kukutazama. Watu wakacheka. Mwalimu akaja akawasha kipaza sauti. Nikaanza upya.

Nilisoma kwa lugha zote mbili. Sikumbuki nilisoma nini. Nakumbuka viatu vya wazazi wa mstari wa mbele. Walipiga makofi, mengine ya huruma, na mengine, mama anasema, ya kweli. Mama ameshonea nusu ya ule ukumbi, hawezi kuwa shahidi.

Nikashuka kwenda kujificha nyuma ya meza za chakula, na huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mwoka mikate alikuwa amemsimamia Redio, anamuuliza ule unga aliuchanganya kwa kipimo gani. Redio akasema hajui. Mwoka mikate akadhani anaficha. Redio akaniona, akanivuta mkono mbele ya wote, akasema muulizeni huyu, pai ni yake, vikaratasi vilibadilishwa na aliyebadilisha ni yeye.

Mwalimu alikuwepo. Mama alikuwa anafika. Nikangoja dunia iishe.

Redio akaendelea, maana alikuwa na deni la maneno la siku nzima. Akasema jana alipoiona ile pai chini ya jina lake aliielewa mara moja. Kwamba binamu yake, mwenye haya tangu utotoni, hatimaye ametamani jukwaa. Akashindwa kusema, akaamua kutoa ushindi wake ili yeye Redio awe mezani. Akasema jana alilia nyumbani, ndiyo sababu alinyamaza, asiharibu. Akamaliza kwamba hajawahi kuona moyo kama ule.

Mwalimu akatoa leso.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa pana kabisa, ungepitisha punda na mzigo wake. Nikasema asante.

Mwoka mikate akarudi kwenye swali lake la unga. Nikamwonyesha bibi, ambaye alikuwa amefika mezani na anajaza mfuko wake. Mwoka mikate akatambua ndiye yule mgonjwa, akamshika mikono yote miwili, akampa pole ya tumbo, akamuuliza kama sasa uji unakaa. Bibi alinitazama. Bibi amelea watoto saba na wajukuu sijui wangapi. Akajibu kwamba tumbo linaendelea vizuri, isipokuwa linahitaji mkate laini kila asubuhi. Mwoka mikate amesema atauleta mwenyewe.

Tukiwa tunatoka nilimuuliza Redio, kwa sauti yangu ya panya, kama kweli alitaka kukaa mezani kiasi kile. Akasema alitaka mwoka mikate aonje tu, na hilo lilikwisha Ijumaa. Kusoma mbele za watu ndiko anakokupenda zaidi duniani. Akasema ningemwambia tu Jumatatu kwamba sitaki, angesoma yeye, tena kwa mbwembwe, na pai tungeoka wote wawili. Akauliza kwani vipi, binamu, ulitaka kusema kitu?

Nikasema hapana. Ajabu, hilo neno leo lilitoka bila shida.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Asubuhi mwoka mikate alileta mkate. Bibi aliupokea akiwa amejifunga kanga tumboni na anatembea polepole. Akaukata nusu, nusu nyingine akaiponda, akaichanganya na mabaki ya mkate wa juzi.

Mama amemaliza gauni. Bibi harusi ameipenda bitana. Ana wasimamizi sita, wote sasa wanataka rangi hiyo hiyo, na mama amenitazama, kisha akatazama mapera yaliyobaki.

Mchana mwalimu alipita kumsalimia mama. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alisema kwa vile sasa nimeonja jukwaa na nimeonyesha moyo, muhula ujao nitasoma mbele ya wageni kutoka shule nyingine, kila Ijumaa, kwa lugha zote mbili. Mama akaniita. Nikatoka. Mwalimu akauliza kama nimekubali.

Nikasema ndiyo, mwalimu. Asante.

Alipoondoka mama akatoa pini mdomoni. Akasema, mwanangu, sikiliza vizuri. Redio anataka kusoma. Wewe hutaki kusoma. Yule mwalimu bado hajafika kwenye kona. Toka, mwite, mwambie.

Nimelifikiria hilo kwa uzito wote. Nimefika mpaka mlangoni. Alikuwa anatembea polepole, angenisikia hata kwa sauti yangu. Nikarudi ndani.

Maana nimekumbuka jambo. Wanafunzi wa bustani huwa hawapandi jukwaani, wanabaki na matope yao siku zote za wageni. Bustani ya shule ina nafasi moja, ya kufuga nyuki. Sijawahi kufuga nyuki. Lakini nyuki, kwa ninavyosikia, hawahitaji kuambiwa kitu. Mzinga nitauomba kwa seremala wa kona ya pili.

Nitakwenda wakati hana wateja.